Daktari wa Watoto Anajibu: Kisukari Kinachoanza Kabla Sukari Haijapanda

Tangu tulipochapisha makala kuhusu watoto wanaoishi na kisukari cha aina ya kwanza, safu hii imepokea barua nyingi zinazouliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, ugonjwa huu unaweza kutambuliwa kwa mtoto ambaye bado anacheza, anakula na kulala vizuri, na kama unaweza, kumtambua mapema hivyo kunamsaidia nini? Nimechagua barua tano. Majina ya walioziandika nimeyaacha, kwa kuwa habari hizi ni za watoto wao.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Munich, Ujerumani, pamoja na mume wangu, ambaye ana kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni. Mwanetu wa kiume ana miaka minne. Daktari wake alitushauri atolewe damu kidogo ya kidole ili ijulikane kama ugonjwa wa baba yake umeanza kumnyemelea. Majibu yalionyesha kwamba ana kingamwili za aina mbili, na damu ya pili iliyotolewa baadaye ikathibitisha hivyo hivyo, ingawa sukari yake ni ya kawaida kabisa. Mama yangu mzazi ananiambia kwa simu kwamba mtoto ni mzima na kwamba mimi nimekwenda kumtafutia ugonjwa. Je, mwanangu anaumwa au haumwi? Na je, nilikosea kukubali apimwe?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi: hukukosea. Swali la kwanza linahitaji maelezo marefu kidogo, nami ningependa ukishayasoma umsomee na mama yako.

Ndani ya kongosho kuna vikundi vya seli vinavyotengeneza insulini, homoni ambayo bila yake sukari iliyomo katika damu haiwezi kuingia vizuri katika seli za mwili na kutumika. Katika kisukari cha aina ya kwanza, mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na vijidudu, huzigeukia seli hizo na kuzishambulia kana kwamba ni adui. Mashambulizi hayo hayaumi wala hayaonekani kwa macho, na yanaweza kuendelea kwa miezi au miaka mingi huku seli zilizosalia zikitosheleza mahitaji ya mwili. Ndiyo maana sukari ya mwanao bado ni ya kawaida. Kinachoweza kuonekana mapema ni kingamwili, yaani protini za kinga, ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya sehemu za seli zake wenyewe. Maabara hutafuta hasa nne: ile inayoelekea kwenye insulini yenyewe, ile ya kimeng'enya kiitwacho GAD, ile ya protini iitwayo IA-2, na ile ya protini inayobeba zinki ndani ya seli, iitwayo ZnT8. Ieleweke kwamba kingamwili hizi sizo zinazoziua seli za kongosho. Kazi hiyo hufanywa hasa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Kingamwili ni mashahidi tu, lakini ni mashahidi wa kuaminika, hasa wanapokuwa zaidi ya mmoja.

Kiwango cha kuaminika kwao kinajulikana. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Profesa Anette-Gabriele Ziegler, wa huko huko Munich unakoishi, lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia tangu utotoni watoto 13,377 wa Ujerumani, Ufini na jimbo la Colorado nchini Marekani, ambao walikuwa na ndugu wenye ugonjwa huu au vinasaba vinavyoongeza hatari yake. Miongoni mwao 585 walipata kingamwili za aina mbili au zaidi. Katika kila 100 wa kundi hilo, takriban 70 walikuwa na kisukari kamili ndani ya miaka 10, na 84 ndani ya miaka 15. Waliokuwa na aina moja tu ya kingamwili hali yao ilikuwa tofauti sana, kwa maana takriban 15 tu katika kila 100 walifikia kisukari ndani ya miaka 10. Tofauti hiyo kati ya kingamwili moja na mbili ndiyo iliyowafanya wataalamu, mwaka 2015, waugawe ugonjwa huu katika hatua tatu. Hatua ya kwanza ni ya mtoto mwenye kingamwili mbili au zaidi na sukari ya kawaida. Hatua ya pili ni pale sukari inapoanza kuyumba bila dalili zozote kuonekana. Hatua ya tatu ndiyo ambayo sisi sote tuliizoea kuiita kisukari, wakati sukari imepanda na mtoto anahitaji insulini.

Kwa hiyo, dada yangu, ugonjwa wa mwanao umeanza, lakini yeye mwenyewe bado hajaugua. Mama yako anasema kweli anapomwona mzima, na daktari wenu naye anasema kweli. Hakuna awezaye kukutajia mwaka ambao sukari itapanda, ila inajulikana kwamba watoto waliopata kingamwili wakiwa wadogo sana, na wale wenye aina tatu badala ya mbili, kwa kawaida huifikia hatua ya tatu mapema zaidi.

Sasa kuhusu faida. Watoto wengi duniani hugunduliwa kuwa na kisukari wakiwa tayari wamefikia hali iitwayo ketoasidosisi, ambapo mwili, kwa kukosa insulini, huyeyusha mafuta kwa wingi hadi damu inajaa tindikali. Mtoto hutapika, hupumua kwa kasi na kwa kina, hulegea, na asipotibiwa hufa. Ujerumani, pamoja na hospitali zake zote, zaidi ya mtoto 1 katika kila 5 wenye kisukari kipya hufika katika hali hiyo. Jimbo lenu la Bavaria lilianzisha mwaka 2015 mpango uitwao Fr1da wa kuwapima watoto wadogo wanapokwenda kliniki ya kawaida, wawe na ndugu wenye kisukari au wasiwe nao. Katika watoto zaidi ya 90,000 wa kwanza, 280 walikutwa na ugonjwa ambao haujatoa dalili, yaani takriban 3 katika kila 1,000. Familia zao zilifundishwa na watoto wakafuatiliwa, na kati ya wale ambao baadaye walifikia hatua ya tatu, waliopata ketoasidosisi walikuwa kama 3 tu katika kila 100. Mimi nimewahi kusimama kando ya kitanda cha mtoto aliyeletwa akiwa hana fahamu kwa sababu ya hali hii, na kwangu tarakimu hizo peke yake zinatosha kukuambia kwamba ulifanya vyema.

Faida ya pili ni mpya zaidi. Mwezi Novemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha teplizumabu, dawa ya kwanza duniani kuruhusiwa kwa ajili ya kuchelewesha kisukari cha aina ya kwanza, nayo Uingereza ikafuata mwaka 2025. Hutolewa kwa dripu kila siku kwa siku 14 mfululizo, nayo huzipunguzia nguvu seli T zinazoshambulia kongosho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu 76 wenye ndugu wagonjwa, waliopewa dawa walikaa kwa wastani takriban miaka miwili zaidi bila kuugua kuliko wale waliopewa dripu isiyo na dawa ili kulinganisha. Miaka miwili inaweza kuonekana michache, lakini kwa mtoto ambaye vinginevyo angeanza sindano akiwa darasa la kwanza ni muda mrefu wa maisha. Dawa hiyo iliidhinishwa kwa walio katika hatua ya pili wenye miaka 8 na zaidi, na mwanao yuko katika hatua ya kwanza akiwa na miaka minne, hivyo si yake kwa leo. Hata hivyo, mtoto anayefuatiliwa ndiye pekee ambaye hatua ya pili inaweza kugunduliwa kwake kwa wakati, maana haina dalili. Muulize daktari wako kila mara mnapoonana ni matibabu gani ya kuchelewesha yamefika Ujerumani.

Kwa sasa usimpe insulini, usimpunguzie chakula, na usimtafutie mizizi wala vidonge vya kulinda kongosho. Mpeleke vipimo vyake kwa ratiba mtakayopewa, ambayo kwa umri wake huwa ni kila baada ya miezi michache. Wekeni nyumbani mashine ya kupima sukari, ambayo bila shaka baba yake anayo, na mpimeni anapokojoa sana, anapokunywa maji kupita kawaida, anapokonda, au anapougua homa na kutapika. Mwalimu wa chekechea naye ajulishwe. Mtakapokuja Tanga likizo, chukueni mashine hiyo pamoja na barua ya daktari, kwa sababu mtoto akitapika siku ya tatu ya safari, kila mtu atafikiria malaria au chakula kibaya, nanyi ndio mtakaojua kwamba lazima na sukari ipimwe.

Hofu uliyo nayo haikuonei wewe peke yako. Wazazi wa Bavaria waliopewa majibu kama yako walipimwa msongo wa mawazo, na ilionekana kwamba akina mama hasa walilemewa mwanzoni, kisha mzigo huo ukapungua katika mwaka uliofuata. Kama kwako haupungui, mwambie daktari waziwazi.

SWALI: Mimi ni bibi wa miaka sitini na minane, naishi Pemba. Mjukuu wangu wa miaka mitano amegundulika ana kisukari na anachomwa sindano. Majirani wanamlaumu mama yake kwamba alimlisha tende na soda, na yeye amekuwa hali wala halali kwa kilio. Je, ni kweli ni makosa yake?

JIBU: Shikamoo bibi. Si kweli hata kidogo, na ninakuomba wewe, kwa kuwa maneno yako yana uzito, uwaambie majirani hivyo. Soda nyingi zina madhara yake kwa meno na uzito, lakini hazisababishi kinga ya mwili kuishambulia kongosho. Mtoto huzaliwa na vinasaba fulani, hasa vile vya kundi liitwalo HLA ambavyo huuongoza mfumo wa kinga kutofautisha kilicho chetu na kisicho chetu, kisha katika miaka ya mwanzo kitu fulani huchochea mashambulizi. Maambukizi ya virusi vya tumboni ni miongoni mwa vinavyoshukiwa zaidi. Kuhusu chakula, watafiti wa nchi nyingi walijaribu kuwapa watoto wachanga wenye hatari maziwa ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, na matokeo ya watoto 2,159 yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba maziwa hayo hayakuwakinga. Kama wanasayansi wenye fedha na maabara hawajapata chakula cha kuuzuia ugonjwa huu, mama wa mjukuu wako angekijulia wapi? Mkalie karibu, bibi, umsaidie hizo sindano.

SWALI: Binti yangu wa kwanza, mwenye miaka tisa, ana kisukari cha aina ya kwanza tangu mwaka jana, na tulikaribia kumpoteza kwa sababu alitibiwa malaria kwa siku nne kabla ya kupimwa sukari. Sasa tumejaaliwa mtoto wa kiume mwenye miezi mitatu. Nimesikia kwamba Ulaya wanapima vinasaba vya watoto wachanga. Niko tayari kuuza shamba ili damu ya mtoto huyu ipelekwe nje. Unanishauri nini? Baba, Morogoro.

JIBU: Ndugu yangu, usiuze shamba.

Naielewa hofu yako, na kisa cha binti yako nimekisikia kwa wazazi wengi mno kiasi kwamba kimeacha kunishangaza lakini hakijaacha kuniuma. Hata hivyo, kipimo unachokitafuta hakitakupa kile unachokitamani. Kipimo cha vinasaba hakionyeshi ugonjwa. Kinaonyesha uwezekano tu. Utafiti mkubwa kuliko wote wa namna hiyo, uitwao TEDDY, uliwapima vinasaba watoto wachanga zaidi ya 424,000 wa Marekani, Ufini, Ujerumani na Uswidi kati ya mwaka 2004 na 2010, ukawachagua wenye HLA zinazoongeza hatari, na watoto 8,676 wakaanza kufuatiliwa. Utafiti huo umetufundisha mengi, kwa mfano kwamba kingamwili dhidi ya insulini mara nyingi hutangulia kutokea mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi tisa na miaka miwili. Hata hivyo, katika kundi hilo lililochaguliwa kwa sababu ya hatari yake, walio wengi hawakupata kisukari. Kwa nchi za Ulaya, ndugu wa damu wa mtoto mwenye aina ya kwanza ana uwezekano wa kama 5 katika 100 wa kuupata. Ukigeuza hesabu hiyo, maana yake ni kwamba takriban ndugu 95 katika 100 hawaupati.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji wa vipimo hawatakuambia. Alama za vinasaba zinazotumika huko ziliundwa kutokana na damu za watu wenye asili ya Ulaya, na haziwezi kuhamishiwa kwa mtoto wa Morogoro kana kwamba hakuna tofauti. Ugonjwa wenyewe kwetu umeonekana kwa uchache zaidi: hesabu iliyofanywa Dar es Salaam kati ya mwaka 1982 na 1991 ilipata wagonjwa wapya wapatao 1.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wenye umri mdogo, ilhali Ufini, nchi inayoongoza duniani, imewahi kuwa na zaidi ya 50 katika kila watoto 100,000. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli. Sehemu nyingine, naamini pamoja na madaktari wenzangu wengi, ni watoto waliofariki wakiandikiwa malaria, nimonia au homa ya uti wa mgongo, bila tone la damu yao kuwekwa kwenye mashine ya sukari.

Utambuzi wa mapema unaoweza kumwokoa mwanao, ndugu yangu, tayari uko mezani kwako: ni mashine ya binti yako. Mtoto mchanga hawezi kukuambia kwamba ana kiu. Utaona nepi au vitambaa vinalowa kuliko kawaida na kuwa vizito, ananyonya kwa pupa kisha haongezeki uzito, au anapata fangasi za sehemu za siri zisizopona. Akishakuwa mkubwa, utaona anaamka usiku kukojoa, analowanisha kitanda baada ya kuwa ameacha, anakunywa maji bila kutosheka, suruali zinamlegea, na anachoka kabla ya wenzake. Pengine hata sisimizi watakusanyika pale alipokojoa uani, jambo ambalo wazee wetu walilitambua kabla ya mashine yoyote. Ukiona mojawapo, usisubiri asubuhi. Mnawie mkono kwa maji na sabuni, kwa sababu mabaki ya embe au uji kidoleni hudanganya mashine, kisha umpime. Sukari ya milimoli 11.1 au zaidi wakati wowote wa siku kwa mtoto mwenye dalili hizo ni kisukari mpaka daktari aseme vinginevyo, na mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa anatapika, anapumua kwa kasi, au pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea, maana magonjwa mawili yanaweza kumkuta mtoto mmoja kwa pamoja.

Usimpime kila siku akiwa mzima. Stripu ni ghali na binti yako anazihitaji. Kama siku moja hospitali ya rufaa itaweza kumpima kingamwili bila kukufilisi, mkubalie, kwa kuwa kipimo hicho, tofauti na cha vinasaba, huonyesha kama mashambulizi yameanza.

SWALI: Naishi Minnesota, Marekani, na nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Nina miaka thelathini na moja, na ujauzito wangu una miezi mitano. Je, mtoto ataurithi ugonjwa wangu? Na je, apimwe mara tu akizaliwa?

JIBU: Hongera, mdogo wangu. Uwezekano ni mdogo kuliko unavyodhani. Shirika la kisukari la Marekani hueleza kwamba mtoto wa mama mwenye ugonjwa huu aliyejifungua akiwa na miaka 25 au zaidi ana uwezekano wa takriban 1 katika 100. Kwa mama aliyejifungua akiwa chini ya umri huo ni 1 katika 25. Baba akiwa ndiye mgonjwa uwezekano huwa 1 katika 17, na sababu ya baba kurithisha zaidi kuliko mama bado inatafutwa na wanasayansi.

Kumpima kingamwili mara tu azaliwapo hakutasaidia, na huenda kukakutia hofu ya bure. Kingamwili zako hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, pamoja na zile ambazo mwili wako umezitengeneza dhidi ya insulini unayojidunga. Zinaweza kuonekana kwake kwa miezi kadhaa kisha zikatoweka zenyewe. Uchambuzi wa tafiti kadhaa zilizowafuatilia watoto wenye hatari ya kurithi, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kupima mara mbili, mtoto akiwa na miaka 2 na tena akiwa na miaka 6, kungewanasa kama 8 katika kila 10 wa wale watakaougua kabla ya kufikisha miaka 15. Mtandao wa watafiti uitwao TrialNet, wenye vituo vingi Marekani, umekuwa ukiwapima ndugu wa wagonjwa bila malipo, na daktari wako anaweza kukuelekeza. Italia imekwenda mbali zaidi: mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kuwapima watoto wa nchi nzima, hata wasio na ndugu mgonjwa. Kuna hekima kubwa katika sheria hiyo, kwa sababu takriban watoto 9 katika kila 10 wanaopata ugonjwa huu hawana baba, mama wala ndugu wa tumbo moja aliye nao.

Kwa miezi hii iliyobaki, kilicho mikononi mwako ni kuidhibiti sukari yako mwenyewe, ambayo humgusa mtoto leo kuliko kinasaba chochote.

SWALI: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Kigoma. Kijana wa miaka kumi na mitatu, aliyekonda sana, alikuja na sukari ya milimoli 28, tukamwanzishia insulini na akapona vizuri. Ndugu zake walijichanga wakampeleka kwa wataalamu, akapimwa kingamwili, na hazikuonekana. Sasa familia inasema basi hiyo si aina ya kwanza, na inataka aache sindano atumie vidonge. Niwaambie nini?

JIBU: Mwenzangu, waambie leo, na ikibidi nenda nyumbani kwao: asiache insulini.

Kingamwili zikionekana, ni ushahidi wa ugonjwa wa kinga. Zisipoonekana, huo si ushahidi kwamba kongosho ni zima. Zinaweza kufifia baada ya muda, na kwa watoto wa Afrika kuna sababu kubwa zaidi. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowapima vijana 894 wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini ambao madaktari wao walikuwa wameamua kwamba wana aina ya kwanza. Takriban 65 katika kila 100 hawakuwa na kingamwili yoyote kati ya zilizotafutwa. Wengi wa vijana hao hawakuwa na vinasaba vya kawaida vya ugonjwa wa kinga, lakini hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili pia, kwani walikuwa wembamba na insulini yao wenyewe ilikuwa imepungua. Hii ina maana kwamba huenda kwetu kuna kisukari cha vijana ambacho hakitokani na kinga kabisa, na chanzo chake bado kinachunguzwa. Ina maana pia kwamba mpango wa kutafuta kingamwili kwa watoto wote, kama ule wa Bavaria, ungewapita wengi wa watoto wetu. Nasema hivi nikiwa ninauunga mkono mpango ule kwa moyo wote pale unapofaa.

Mtoto mmoja tu ndiye ambaye ningependa umfikirie tofauti: yule ambaye kisukari kimemwanza kabla ya kutimiza miezi sita. Kwa umri huo chanzo mara nyingi ni hitilafu ya kinasaba kimoja, na baadhi yao, baada ya kipimo cha vinasaba kuthibitisha, huendelea vizuri zaidi kwa vidonge vya kundi la sulfonilurea kuliko kwa sindano. Mpe insulini, kisha andika rufaa. Kijana wako wa miaka kumi na mitatu hayumo katika kundi hilo.

Kama tatizo la familia ni gharama, na mara nyingi ndilo linalojificha nyuma ya maneno kama hayo, waulizie kliniki ya watoto wenye kisukari iliyo karibu. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umewapa watoto wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine insulini na vifaa vya kupimia bila malipo kupitia kliniki za namna hiyo, na Chama cha Kisukari Tanzania kinaweza kukuelekeza. Kisha, kwa kuwa umesema kijana ana wadogo zake, andika katika faili la kila mmoja wao kwamba akija kituoni na homa, kutapika au kukonda, sukari ipimwe kabla hajaandikiwa dawa yoyote, ili hata siku ambayo wewe hupo zamu, muuguzi atakayelifungua faili hilo aone agizo hilo ukurasa wa kwanza.